Mwamini Apanda Kwenda kwa Mama Yake

Siku Mwamini alipomwambia kaka yake kwamba anapanda mlima, mzee huyo alikuwa ameinama juu ya ndoo, anakoroga dawa ya mikorosho kwa kijiti. Hakuinua kichwa. Aliendelea kukoroga utadhani aliyesema ni kuku.

"Nimesema nakwenda Nanjele, kaka."

"Nimesikia."

"Basi jibu."

Mzee Mikidadi alisimama, akajinyoosha mgongo taratibu. "Nijibu nini ambacho sijakujibu miaka yote hii? Njia imekufa. Kule sasa ni kwa nyani na nyoka. Goti lako lenyewe hilo, ukienda kisimani tunakusikia unavyoguna. Na isitoshe, mwanamke haendi makaburini. Hilo si langu, ni la dini."

"Mama yangu yuko kule."

"Ni mama yangu pia," alisema Mikidadi, akarudi kwenye ndoo yake.

Kwa kawaida mazungumzo yao juu ya Nanjele yaliishia hapo. Mwamini angesonya, angezunguka nyumba ya kaka yake, angerudi kwake akiwa amenuna mpaka jioni. Safari hii hakusonya. Alisimama akaitazama ile shingo nyembamba ya kaka yake, kisha akasema, "Ijumaa sipo," akaondoka.

Watu wa Nambambo wangekuambia kwamba Mwamini binti Awadhi hajawahi kumtii mtu. Alipoolewa na Yasini, mama mkwe wake alimpangia jiko la nje lenye kuvuja; Mwamini akapika sebuleni kwa mama mkwe hadi lile jiko likaezekwa upya. Yasini alipoleta mke wa pili, Saada, Mwamini hakumsemesha Saada misimu miwili mizima ya kilimo, na walikuwa wanalima shamba moja. Yasini alipofariki, ndugu zake walikuja kabla arobaini haijafika, wakaanza kuzunguka shambani wakionyeshana kwa vidole mikorosho ipi itakuwa ya nani. Mwamini alitoka na panga, akaketi chini ya mkorosho mkubwa kuliko yote, akaliweka panga mapajani. Saada naye akatoka na mchi, akaketi kando yake. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Shemeji zao walikaa kidogo, wakasema wana haraka, wakaondoka, na tangu siku ile wake wenza hao wawili wakawa kitu kimoja, ingawa kugombana hawakuacha.

Huyo ndiye Mwamini. Lakini katika maisha yake yote ya ubishi palikuwa na jambo moja alilolitii bila kupigana, nalo ni hilo la Nanjele.

Nanjele kilikuwa kijiji kilichokaa juu, kwenye milima ya mawe iliyo nyuma ya Nandagala, upande wa Ruangwa. Milima yenyewe haina upole. Ni mawe juu ya mawe, miiba, na makorongo ambayo hupitisha maji wiki chache za masika kisha hukauka hadi mwaka mwingine. Watu walikaa kule kwa sababu walikuwa wamekaa kule wazee wao. Mwamini alizaliwa huko, na huko akawa msichana wa kutumwa maji. Mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa ulipofika, mama yake alikuwa mgonjwa. Alikufa malori yakiwa yamekwisha kufika Nandagala. Baba yake na wanaume wachache waliokuwa bado hawajashuka walichimba kaburi haraka kwenye ardhi ngumu, na maji ya kumwoshea mama, Mwamini ndiye aliyeyachota korongoni kwa kibuyu. Mikidadi, aliyekuwa kijana, alikuwa kibarua Nachingwea. Alipopata habari na kupanda, aliikuta nyumba yao imekwisha kuchomwa moto na watu wote wameteremshwa.

Mwamini aliteremshwa pia, akapandishwa lori, akaishia Nambambo, upande wa Nachingwea. Hakurudi tena. Kila alipouliza, aliambiwa njia imekufa, na aliyemwambia alikuwa kaka yake, mtu aliyemlea baada ya baba yao kufariki. Kwa hiyo aliamini.

Kilichombadilisha ni kitu kidogo. Mjukuu wake alimwuliza, tena mbele ya wageni, bibi yake mzaa bibi amezikwa wapi. Mwamini akaelekeza kidevu upande wa Ruangwa. "Wapi pale?" akauliza mtoto. "Mlimani." "Mlima upi?" Mwamini akafungua mdomo, akagundua kwamba hawezi kumwambia mtu apite wapi kufika kwa mama yake. Hakulala vizuri siku hiyo, na asubuhi yake ndipo alipokwenda kumkuta kaka yake na ndoo ya dawa.

Mwanawe Huzaifa alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Mama, acha hizo bwana. Ukianguka kule nani atakubeba?"

"Nikianguka nitainuka."

"Nitume hela uende hospitali kwanza wakuangalie hilo goti."

"Goti langu nalijua. Wewe msalimie mkeo."

Saada alikuwa anasikiliza, anachambua mboga ya kisamvu. Mwamini alipokata simu, Saada akasema bila kumtazama, "Bi mkubwa, unadhani utakwenda peke yako?"

"Sijakuomba."

"Ndiyo maana nauliza. Ungeniomba ningekataa."

Wakaondoka Ijumaa, wawili. Basi lilikuwa la asubuhi kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, kisha bodaboda mbili hadi Nandagala, ambako Saada alikuwa na shangazi yake. Shangazi mtu aliposikia wanakokwenda alishika mdomo, akawaambia kwamba mlima ule ni mkali, kwamba hata vijana hupanda wakarudi wakilia. Mwamini alimshukuru kwa ugali na malazi. Kabla jua halijatoka wake wenza hao walikuwa wamekwisha kuvuka mashamba ya ufuta uliovunwa zamani, mabua tu yamesimama, na kuingia kwenye vichaka vya chini ya mlima.

Ukiutazama kwa mbali mlima ule ni wa buluu na unapendeza. Ukiwa chini yake ni ukuta. Majani yalikuwa yamekauka na mengine yameungua kwa moto wa kiangazi, miti imepukutika, na mawe makubwa kuliko nyumba yamelaliana hovyo, mengine yamegawanyika katikati. Pimbi walikuwa wanaota jua juu ya mawe hayo, wakawatazama akina mama wawili wakipita, kisha wakatumbukia mapangoni mwao. Mwamini alitangulia na fimbo. Goti lilianza kumuuma mapema, na alikuwa amekwisha kuamua kwamba halitasemwa.

Saada ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Alilalamikia jua, akalalamikia viatu vyake, akamlalamikia marehemu Yasini ambaye hakuwahi kuwaambia kuna milima kama hii. Halafu akapita kwenye upupu. Ulikuwa umekauka vizuri, maganda yananing'inia njiani, na upepo mdogo tu ukamwagia manyoya yake ya kuwasha shingoni na mikononi. Saada alipiga kelele zilizowafanya nyani wa upande wa pili wajibu. Alivua mtandio, akajikuna, akacheza ngoma isiyo na jina pale juu ya jiwe.

"Usijikune! Jipake udongo!" Mwamini alimwambia, na huku anampaka mwenyewe vumbi na majivu ya moto wa kiangazi, shingoni, mikononi, mgongoni.

"Mama yako," alisema Saada akitetemeka, machozi yanamtoka, "mama yako alikuwa na kiburi kukaa huku."

"Alikuwa nacho."

"Ndiyo maana."

"Unataka kurudi?"

Saada alimtazama kwa jicho jekundu. "Nirudi, halafu nikamwambie nani kwamba nimewashwa bure?"

Wakaendelea. Na hapo ndipo Mwamini alipoanza kuona kitu ambacho hakukitarajia. Palikuwa na njia. Ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja, lakini ilikuwapo. Vijiti vya pembeni vilikuwa vimekatwa kwa panga, baadhi vimezeeka, vingine vina kidonda kilichokauka mwaka huu huu. Penye mteremko mbaya, mtu alikuwa amepanga mawe kama ngazi. Mwamini alisimama, akaligusa jiwe moja kwa fimbo. Halikutikisika. Lilikuwa limepangwa na mtu mwenye subira.

"Si walisema njia imekufa?" Saada aliuliza.

Mwamini alikanyaga jiwe la kwanza, akapanda.

Juu kidogo walifika penye jiwe moja pana, la mteremko, laini kama limepigwa msasa, na hakuna pa kulizunguka. Upande mmoja kuna korongo. Mwamini alilikumbuka. Utotoni walikuwa wanaliteleza kwa makalio na kupigwa na mama zao kwa kuchana nguo. Sasa alilitazama, goti likamwambia hapana. Akavua kandambili, akazifunga kiunoni kwa kanga, akapiga magoti, akaweka viganja chini, akaanza kutambaa. Jiwe lilikuwa la moto. Katikati mguu ulikataa kabisa, akabaki amelala kifudifudi, shavu limegusa jiwe, anahema.

"Dada?" Saada aliita kutoka chini. Hakuwa na kawaida ya kumwita dada. "Dada, teremka. Tumejitahidi. Hakuna atakayetucheka."

"Mimi nitajicheka," Mwamini alisema kwenye jiwe. Akavuta mguu kwa mkono kama mtu anavyovuta mzigo, akausogeza, akajivuta, akausogeza tena. Alipofika juu viganja vyote viwili vilikuwa vinatoka damu. Akakaa, akatupa ncha ya kanga chini, akamwambia Saada ashike.

Hapo juu, kwenye kivuli cha jiwe, alikuwa ameketi mwanamume wa makamo mwenye ndoo na mwenge wa nyasi uliozimika. Alikuwa mrina asali. Alisimama haraka, kwa mshangao kuliko kwa hofu.

"Loo, karibuni, mama zangu! Mmepita wapi?"

"Njiani," alisema Mwamini.

Mtu huyo alijitambulisha kwamba anaitwa Stefano, Mmakonde, wazee wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na mizinga yake iko kule juu tangu ujana wake. Akawapa maji ya kibuyu. Akamtazama Mwamini usoni kwa muda, mpaka Saada akakohoa.

"Samahani," alisema Stefano. "Nimeona sura. Ninyi ni wa mzee Mikidadi?"

Mwamini akashusha kibuyu. "Mikidadi yupi?"

"Mikidadi wa Nambambo. Anayekuja kwa mama yake. Kila mwaka ufuta ukishavunwa tunaonana hapa. Njia hii ni yake, ameichonga kwa mkono wake. Sisi warina asali tunamwombea tu. Mwaka huu amekuja akiwa amechoka kidogo." Akamtazama tena. "Wewe ni nduguye. Hata ukikunja uso unakunja kama yeye."

Saada alimshika Mwamini mkono, akauachia, kwa sababu ulikuwa umekakamaa.

Stefano aliwaongoza hadi penyewe, akawaacha kwa adabu. Nanjele haikuwa kijiji tena. Ilikuwa uwanda mdogo wenye nyasi, mawe ya kusagia yaliyotoboka katikati, na vigae vya vyungu. Lakini upande wa jua kutua palikuwa pamefagiwa. Mawe yalikuwa yamezungushwa vizuri, kubwa kwa dogo, na kichwani pa kaburi palikuwa na rundo dogo la unga wa mtama, umeliwa na sisimizi ukabaki alama nyeupe tu.

Mwamini alikuwa ametunza machozi ya siku hii maisha yake yote. Alidhani atayamwaga yote hapo. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa hasira, hasira safi, iliyompandisha mpaka masikioni, na aliisimamisha pale mbele ya mama yake bila aibu.

"Mama," alisema kwa Kimwera, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo. "Ni mimi Mwamini. Mimi ndiye niliyekuchotea maji. Sikuja kwa sababu mwanao aliniambia hakuna njia. Umeiona njia? Na mimi nimeiona."

Kisha akapiga magoti, goti baya na goti zima, akaanza kung'oa nyasi ndogo zilizoota katikati ya mawe, na Saada akapiga magoti upande wa pili. Walipalilia hadi mawe yote yakaonekana. Walipomaliza kwa mama, Mwamini akainuka akaenda kwenye vituta vingine vilivyozama nyasini, ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amevigusa. "Huyu ni bibi yake mzee Masoudi wa kwetu Nambambo," alisema. "Huyu alikufa kwa uzazi, alikuwa anaimba vizuri. Huyu simkumbuki." Wakapalilia na hao.

Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Lile jiwe la mteremko Mwamini aliliteleza kwa makalio, kama zamani, akachana gauni, na Saada akacheka mpaka akasahau upupu.

Mzee Mikidadi alikuwa anakunywa uji barazani kwake waliposhuka kwenye bodaboda, wamejaa vumbi, Mwamini anachechemea, viganja vimefungwa vitambaa. Alimtazama dada yake, akatazama viganja, akaweka kikombe chini. Alijua.

"Nani alikuambia kwamba mimi sina mama?" Mwamini aliuliza, kabla ya salamu.

"Keti kwanza."

"Sikai. Nimekaa miaka yote hii."

Mikidadi alimwambia mkewe aingie ndani. Mwamini akasema, "Abaki. Yeye pia ni mwanamke, asikie." Mkewe akabaki mlangoni.

Mzee alizungumza akiwa anatazama kikombe. Alisema alianza kwenda muda mfupi baada ya kuhamishwa, kwa sababu hakumzika mama yake na jambo hilo lilimla. Alisema hupeleka unga wa mtama, humwita mama kwa jina, humwomba mvua na afya ya watoto, kama walivyofanya wazee. "Na mimi ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Ningesema, ningeonekana nani? Wewe mdomo wako hauna mlango, Mwamini. Ungejua wewe, ingejua Nachingwea nzima."

"Kwa hiyo ukanifungia mimi ili uufiche unga wako."

"Nilikuwa nakulinda pia. Mlima ule..."

"Mlima ule nimeupanda! Na goti hili hili." Alijipiga goti, akaumia, hakuonyesha. "Nisikilize, kaka. Sisi ni Wamwera. Ukoo wetu unapita tumboni. Watoto wako ni wa ukoo wa mkeo huyu aliyesimama hapa. Wa mama yetu wanatoka kwangu, na kwa binti zangu, na kwa binti zao. Ukifa wewe, nani atajua kaburi liko wapi? Pimbi? Ulitaka kumzika mama mara ya pili."

Mikidadi aliweka mikono magotini. Ilikuwa mikono ileile iliyopanga mawe kama ngazi, imejaa makovu. Mwamini aliiona. Kitu ndani yake kilitaka kulainika, akakikatalia.

"Ngazi zako ni nzuri," alisema mwishowe, kwa ukali uleule. "Lakini sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuja kukuambia, usinitumie watu."

Alikaa bila kumsemesha hadi mvua zilipoanza. Aliyekuja kwanza alikuwa Mikidadi, amebeba jembe, akasimama uani kwa Mwamini, akasema mwaka kesho kuna mahali njia inahitaji kuhamishwa, maana jiwe moja limeanza kulegea, na peke yake haliwezi. Mwamini alimpa kigoda. Hakusema amesamehe. Alimwuliza jiwe lipi.

Mwaka uliofuata, ufuta ulipokwisha kuingia ndani, walikwenda wanawake wengi: Mwamini, Saada akiwa amejifunga kanga mpaka shingoni kwa kuogopa upupu, binti zao, wajukuu wao, na wanawake wengine wa Nambambo na Mkotokuyana ambao wazee wao walitoka Nanjele na nao walikuwa wameambiwa njia imekufa. Mikidadi alikwenda pia. Alitembea katikati, kwa mwendo wa uzee, na penye jiwe la mteremko wapwa zake walimvuta kwa kanga.

Maneno hayakukosekana. Wapo waliosema ni ushirikina, wapo waliosema wanawake hawa wamekosa kazi. Siku moja mzee Masoudi, mtu wa heshima na wa sauti nzito, alimkuta Mwamini kisimani mbele ya watu, akamsimamisha.

"Binti Awadhi, nasikia unawapeleka wanawake makaburini huko mlimani."

"Hukusikia vibaya."

"Na unajua kwamba haifai?"

Mwamini alikuwa na ndoo imejaa. Alimpa Saada amtwishe, akaisawazisha kichwani bila haraka, maji yakatikisika yakatulia.

"Bibi yako naye yuko kule, mzee Masoudi," alisema. "Nyasi zilikuwa zimemfunika mpaka hajulikani. Tumempalilia sisi."

Akageuka, akachechemea kwenda kwake.